Kabla ya kuagiza ngao: namna ya kuwatunuku watafiti wa taaluma mbalimbali kwa haki

Chuo kikuu kinapoamua kuwaenzi watafiti wake, mambo ya kwanza kushughulikiwa huwa ukumbi, ngao na mgeni rasmi. Swali gumu hubaki kiporo: nani atakaa chini asome walichokiandika hao watafiti? Tuzo ya utafiti ni kazi ya kusoma. Usomaji ukirukwa, tarakimu hushika nafasi yake, na tarakimu hizo huwabeba watu wa taaluma zilezile mwaka hadi mwaka.

Chukua kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye h ya 20 ana machapisho 20 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 20. Hesabu yenyewe haina kasoro. Kasoro huanza inapotumika kumlinganisha daktari wa moyo, mwanahisabati na mwanahistoria. Tafiti za tiba hufanywa na timu kubwa, hutoka kwa wingi na hunukuliwa haraka. Mwanahisabati anaweza kutoa makala moja au mbili kwa mwaka, na uthibitisho wake ukakaa miaka kabla ya wengine kuujengea. Mwanahistoria hujifungia kwenye hifadhi za nyaraka akatoka na kitabu kimoja baada ya miaka mitano au sita, na kanzidata nyingi za manukuu hazivihesabu vitabu ipasavyo. Kwenye sayansi ya kompyuta, kazi nyingi nzito hutoka kwenye makongamano wala si majaridani. Wapange wote kwa h, na mwanahistoria ameshashindwa kabla faili lake halijafunguliwa.

Kipimo cha uzito wa jarida nacho kina hatari yake. Kile kinachotumika zaidi ni wastani wa manukuu ya makala za jarida zilizotoka miaka miwili iliyotangulia, na kwa kawaida makala chache zilizonukuliwa mno ndizo zinazoupandisha wastani huo. Hakisemi lolote kuhusu makala uliyoishika mkononi. Azimio la San Francisco la 2012, tamko la kimataifa kuhusu namna ya kutathmini utafiti, linataka kipimo hicho kisitumike kumpima mtafiti mmojammoja, na Ilani ya Leiden ya 2015, kanuni za wataalamu kuhusu matumizi ya takwimu za utafiti, inasisitiza kwamba takwimu ziusaidie uamuzi wa wataalamu, zisichukue nafasi yake. Andika msimamo huo kwenye kanuni za tuzo tangu mwanzo, maana mkiwa kwenye kikao, saa zimeyoyoma, lazima atatokea mjumbe wa kusema, “Basi tuangalie manukuu tumalize.”

Gawa taaluma kwa makundi yanayofanana kwa namna ya kufanya kazi na kuchapisha. Makundi matano yanatosha vyuo vingi: tiba na afya; sayansi asilia na hisabati; uhandisi na kompyuta; sayansi za jamii, elimu na sheria; kisha lugha, historia, falsafa na sanaa. Kila kundi liwe na tuzo yake. Mkitaka tuzo kuu moja juu ya zote, washindi wa makundi ndio waingie huko. Hata hapo, msiulize nani kafanya kazi kubwa kuliko mwenzake. Ulizeni kazi hii imeisogeza taaluma yake umbali gani. Hilo mjumbe yeyote makini anaweza kulijadili.

Faili la mteule, yaani aliyependekezwa kuwania tuzo, liwe jembamba. Maelezo ya maneno 500 kuhusu mchango wake, wasifu wa kurasa mbili, barua mbili za wataalamu wa fani yake, na kazi zake bora zisizozidi tatu, zikiwa kamili. Hizo tatu ndizo roho ya faili. Ukiruhusu orodha ya machapisho 140, majaji watahesabu. Ukiwapa matatu, watasoma. Neno “kazi” nalo lipewe upana: kitabu, hataza, programu, seti ya data, kamusi, maonyesho, hata mwongozo wa matibabu unaotumika hospitalini.

Ruhusu watu wajipendekeze wenyewe. Wapo wanaoona haya, lakini tuzo inayotegemea wakuu wa idara peke yao huwaona wale ambao wakuu hao wanawaona. Mwanasosholojia Robert Merton alieleza mwaka 1968 jinsi mwenye sifa anavyozidi kuongezewa sifa huku mchango wa asiyejulikana ukifunikwa na wa mwenzake mashuhuri. Ndiyo sababu napendekeza pia mshindi akae nje miaka mitano kabla ya kupendekezwa tena. Kwa watafiti chipukizi, hesabu miaka tangu mtu apate shahada ya uzamivu na uachane na umri. Kisha toa miezi ya likizo ya uzazi au ya ugonjwa. Bila kutoa hiyo miezi, mwanamke aliyejifungua mara mbili anapimwa kwa muda ambao hakuwa kazini.

Jopo la watu saba linafaa, wawili au watatu wakitoka nje ya chuo. Kila faili lisomwe na watu watatu: wawili wa fani hiyo au iliyo jirani, mmoja wa mbali. Yule wa mbali ana kazi maalumu. Akishindwa kueleza kwa sentensi mbili ni nini kilichogunduliwa, ama maelezo ya faili hayajitoshelezi au ugunduzi umetiwa chumvi. Aliyeandika makala na mteule ndani ya miaka mitano, aliyemsimamia, aliyesimamiwa naye au aliye jamaa yake atoke chumbani jina hilo linapojadiliwa. Kukaa kimya tu hakutoshi, kwa sababu macho yake yanawazuia wenzake kusema wanachokiona.

Sasa alama, mahali ambapo dhuluma hupita bila kuonekana. Majaji hawana mkono mmoja. Tuseme jaji mkali wastani wake ni 60, na alama zake hutawanyika kwa kiasi cha 9 kutoka kwenye wastani huo. Mwenzake mkarimu ana wastani wa 85 na mtawanyiko wa 3. Mkali akitoa 78 na mkarimu akatoa 88, karatasi itamweka mbele mwenye 88. Lakini toa wastani wa jaji, kisha gawanya kwa mtawanyiko wake: 78 ukitoa 60 ni 18, gawanya kwa 9 unapata 2, 88 ukitoa 85 ni 3, gawanya kwa 3 unapata 1. Mwenye 78 ndiye aliyemvutia jaji wake zaidi. Hesabu hii ina masharti. Jaji aliyesoma mafaili manne tu hana wastani wa kutegemewa, na aliyebahatika kupewa mafaili mazuri matupu ataonekana mkarimu bure. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, wape majaji wote mafaili mawili yaleyale ya majaribio, wayape alama, kisha wajadili kwa nini wametofautiana. Saa moja ya mjadala huo huokoa siku nzima ya mabishano baadaye.

Orodha ya majina kwenye makala nayo haisomwi kwa namna moja. Katika hisabati majina mara nyingi hufuata alfabeti. Katika tiba na biolojia, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi na wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Mwaka 2015 timu mbili za CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya, zilitoa makala ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ndogo iitwayo Higgs ikiwa na waandishi 5,154. Mtake kila mteule aeleze kwa aya moja alichokifanya yeye hasa. Upo mfumo wa CRediT wa kuainisha michango ya waandishi wa makala, wenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kutunza data, unaorahisisha jambo hili. Na kazi ikiwa ya timu, itunukiwe timu, fundi sanifu wa maabara akiwemo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell Burnell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, aligundua mawimbi ya pulsa, nyota zinazozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi ya redio kwa mapigo. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Miongo imepita na uamuzi ule bado unalaumiwa.

Kabla ya kutangaza, kagua kama kuna makala ya mshindi iliyoondolewa jaridani au inayochunguzwa. Usimhukumu kwa hilo pekee: mtafiti anayeomba mwenyewe makala yake iondolewe baada ya kugundua kosa amefanya jambo la heshima. Soma tangazo la jarida linaloeleza sababu.

Ukishapata majina, weka nguvu kwenye maneno yatakayosomwa jukwaani. “Anatunukiwa kwa mchango wake mkubwa katika kilimo” ni maneno ya mtu ambaye hakusoma. Linganisha na haya: “Ameonyesha kwamba ugonjwa uliodhaniwa kuletwa na udongo unasambazwa na mbegu, na wakulima sasa wanatibu mbegu kabla ya kupanda.” Maneno 40 hadi 60 yanatosha: kilichokuwa hakijulikani, alichokifanya, kilichobadilika. Mpelekee mshindi ayahakiki wiki mbili kabla, pamoja na tahajia ya jina lake na namna linavyotamkwa. Mshereheshaji ayasome kwa sauti mara mbili kabla ya siku yenyewe. Jina likikosewa kwenye cheti, chapisha kingine; kusahihisha kwa kalamu ni kumvunjia mtu heshima uliyokusudia kumpa.

Kama kuna fedha, kanuni ziseme mapema kama zinaingia mfukoni mwa mtafiti au kwenye akaunti ya utafiti, na nani analipa kodi. Walioshindwa nao waandikiwe ndani ya wiki moja, kila mmoja apate sentensi mbili tatu kuhusu kazi zake, zikiandikwa na jaji aliyezisoma.