Video ya saratani ya kinywa kwa wauguzi wanafunzi: yangu ya kwanza iliwalaza

Ndugu umeuliza kama kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi kinga ya saratani ya kinywa kwa video kunafaa, au ni kupoteza kipindi tu. Kunafaa. Ila mimi nilianza vibaya.

Nafundisha hapa Mombasa. Mara ya kwanza nilipakua video ya dakika 40, picha safi kabisa, mzee wa Kizungu na kiko chake, daktari akieleza sigara na pombe. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, pazia zimefungwa, feni yasuasua. Nilipowasha taa nusu ya darasa walikuwa usingizini. Waliobaki macho walijibu maswali vizuri: sigara, pombe.

Wiki ile ile tukazuru nyumba za Mji wa Kale. Bi mkubwa mmoja akafungua kijaluba chake, kile kikebe cha tambuu, mbele yetu, akapaka chokaa kwenye jani la tambuu, akatia popoo (ile kokwa ngumu ya kutafuna) na katu (kiungo cha tambuu kitokacho kwenye mti), akaongeza tumbaku, akakunja, akabana shavuni. Mwanafunzi wangu akauliza, "Nyanya, wavuta sigara?" La. "Pombe?" Astaghfirullah! Basi akaandika kwenye fomu: hana hatari.

Kosa lile lilikuwa langu. Sigara na pombe ni kweli, na anayetumia vyote viwili hatari yake huzidi mno. Lakini sisi watu wa pwani tuna uraibu wetu. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha hivyo mwaka 2004. Tena popoo hukaza nyama za mashavu polepole mpaka mtu ashindwe kupanua kinywa.  

Nikarekodi yangu kwa simu, dakika 6. Mwenzangu wa kazini alikubali kinywa chake kionyeshwe, uso hauonekani. Glavu, taa, midomo, ndani ya mashavu, ufizi, kaakaa. Kisha ulimi: unaushika ncha kwa shashi, unauvuta kulia, unauvuta kushoto. Pembeni mwa ulimi na chini yake ndipo wanafunzi hupasahau, na ndipo saratani hupenda kujificha. Mwisho vidole shingoni, kutafuta tezi zilizovimba. Kila hatua nasimamisha video, wanapimana wawili wawili. Dakika 6 hula saa nzima na zaidi. Watacheka sana, waache wacheke.

Picha za uvimbe mkubwa uliooza niliziweka, halafu nikazitoa. Zilikuwa zinawafundisha kwamba saratani ni kitu cha kutisha kinachoonekana kutoka mlangoni, na ninachotaka wakione ni kile kidogo: baka jeupe lisilofutika, au jekundu, ambalo ndilo la kuogopwa zaidi, au kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona. Mara nyingi mwanzoni hakiumi. Mgonjwa akisema "hakiniumi" mwanafunzi asishushe pumzi, ampe rufaa.

Video ya pili ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, na haina kinywa hata kimoja. Ni mazungumzo tu. Mwanafunzi anaigiza muuguzi, anaingia na kusema, "Nyanya, wacha tambuu, utapata kansa." Aliyeigiza nyanya akamjibu bila kuandikiwa: "Mwanangu, tambuu nimeanza nikiwa mwari, wewe hata mamako hajazaliwa." Darasa likapasuka. Sikuifuta sehemu hiyo, huwa ndiyo naanza nayo, nawauliza amekosea wapi. Halafu tunatazama igizo la pili la video hiyo hiyo: shikamoo kwanza, kijaluba kinasifiwa, anaulizwa kinywa kinawasha akila pilipili? Anaombwa ruhusa ya kumulikwa. Lengo ni aache kabisa, lakini pa kuanzia ni kuacha kutia tumbaku kwenye tambuu na kutolala na tonge shavuni. Nyanya akajibu, "Hilo naweza."

La vifaa halina maneno mengi. Kata vipande vifupi, watumie kwa WhatsApp usiku uliotangulia, maana umeme hukatika siku ya kipindi tu. Na msimulizi awe mwanafunzi mwenye sauti nzuri. Yangu waliniambia inafanana na tangazo la feri pale Likoni.