Alama Zako ni za Chini Kuliko za Wenzako: Uende Chuo Kigumu?

Ukipata nafasi katika chuo kinachochuja sana huko Marekani, na alama zako ziko mkiani mwa waliochaguliwa, utaambiwa: nenda chuo chepesi, utang'ara. Ushahidi wa California hauungi mkono woga huo. Kura ya wananchi wa jimbo hilo ya mwaka 1996, Proposition 209, ilikataza vyuo vya umma vya huko kuzingatia rangi katika udahili. Kuanzia 1998 Weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wengi wakaangukia vyuo vyenye ushindani mdogo. Mchumi Zachary Bleemer alipowafuatilia, waliomaliza shahada walipungua, na kipato cha waombaji wa makundi hayo kwa jumla kikashuka kama asilimia 5 kwa mwaka kati ya umri wa miaka 24 na 34.

Kwenye sayansi na uhandisi watafiti hawakubaliani, lakini hapo woga unaeleweka zaidi. Mhadhiri huenda kwa mwendo wa walio wengi, na wengi wao kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, wameshaisoma sekondari. Ukipitwa na limiti, mada yake ya mwanzo, derivativu zinazofuata huzielewi. Ukipitwa na derivativu, fizikia ya muhula unaofuata imekwenda na maji.

Kwa hiyo kabla ya kukubali nafasi, uliza idara: katika walioanza uhandisi, wangapi wanamaliza uhandisi huohuo? (Ofisi ya udahili hupenda kutaja asilimia ya chuo kizima, maana ndiyo inayopendeza.) Uliza pia kama lipo somo la hisabati kabla ya kalkulasi, na kama linahesabiwa kwenye shahada.

Shahada nyingi ni krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 120 kwa mihula 8, yaani 15 kwa muhula. Muhula wa kwanza chukua 12 hadi 13: hisabati moja, sayansi moja, mengine mepesi. Usishuke chini ya 12. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, anaweza kupoteza hadhi yake. Andika tarehe ya mwisho ya kuacha somo, ila kabla ya kuacha hesabu kama 12 zinabaki. W (umeacha somo) haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako; F (umefeli) inaingia.

Usisome peke yako tu. Mwanahisabati Uri Treisman aligundua pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwamba wanafunzi Weusi walikuwa wakijifungia na kalkulasi, ilhali wenzao wenye asili ya China walisahihishana kwa vikundi. Fanya maswali mwenyewe kwanza, kisha kaeni watu 4 au 5, kila mmoja aeleze njia yake ubaoni. Chagueni yaliyo magumu: Treisman naye, katika vikundi vya mazoezi alivyoanzisha baada ya ugunduzi huo, hakuwarudisha wanafunzi wake kwenye hesabu za sekondari.