Breki za Gari Kuukuu: Pima Kwanza, Ndipo Ununue Kipuri

Gari langu lina umri wa zaidi ya miaka 20, na katika matatizo yote niliyowahi kuyapata nalo, hakuna lililonifunza kama lile la breki ya mbele upande wa kushoto kushika bila kukanyagwa. Lilianza taratibu. Kila nilipoachia pedali baada ya kupunguza mwendo, gari lilivuta kidogo upande wa kushoto, kisha likanyooka. Siku chache baadaye niliposhuka nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, na nilipousogeza mkono karibu na rimu, joto lilinipiga kiganjani hata kabla sijaigusa, ilhali rimu ya upande wa kulia ilikuwa vuguvugu tu.

Fundi wa kwanza alibadilisha pedi. Wa pili alibadilisha kalipa nzima, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski ya gurudumu, na baada ya wiki moja hali ikarudi ileile. Kazi yenyewe waliifanya vizuri, lakini hakuna hata mmoja wao aliyepima kitu kabla ya kushika spana, na huo ndio mtindo ninaotamani kila mwenye gari kuukuu aukatae, kwa sababu vipuri vipya huweza kuificha dalili kwa muda huku ubovu wenyewe ukibaki palepale.

Upimaji niliokuja kuufanya baadaye haukuchukua muda mrefu. Nililiegesha gari mahali tambarare, nikayazuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao, nikainua sehemu ya mbele kwa jeki na kuikalisha juu ya stendi, maana jeki peke yake haifai kuaminiwa na mtu anayefanya kazi chini ya gari. Nilimwomba mwenzangu akanyage breki kwa nguvu kisha aachie. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa mkono bila shida. La kushoto lilikuwa limekaza kabisa. Hapo nikaifungua kidogo nipeli, yaani skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo, iliyo kwenye kalipa, mafuta ya breki yakaruka, na gurudumu likalegea papo hapo. Nikajua kwamba kalipa ni nzima, ila kuna mgandamizo wa mafuta uliofungiwa ndani. Kama gurudumu lingebaki limekaza hata baada ya nipeli kufunguliwa, basi ningeshuku pistoni, ile inayosukuma pedi, kuwa imekwama kwa kutu, au zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake kuwa zimekauka grisi.

Likabaki swali la mahali mgandamizo ulipozuiwa. Niliikaza nipeli, mwenzangu akakanyaga tena na kuachia, kisha nikalegeza kiungo cha bomba la chuma pale linapoungana na hozi, yaani ule mpira unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Gurudumu halikulegea. Lingelegea, ningepanda juu kuelekea masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali. Kwa kuwa lilibaki limekaza, ubovu ulikuwa kwenye hozi yenyewe. Baada ya kuifungua niliipasua kwa kisu, nikaona mpira wa ndani umevimba hadi tundu limekuwa jembamba mno, ingawa kwa nje haikuwa na ufa hata mmoja. Mguu wa dereva una nguvu ya kutosha kuyasukuma mafuta yapite kwenye tundu kama hilo, lakini pistoni hurudishwa na mnyumbuko mdogo tu wa siili yake, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, na nguvu hiyo haiwezi kuyarudisha mafuta kwa haraka. Nilibadilisha hozi zote mbili za mbele, kwa kuwa ile ya kulia ilikuwa na umri uleule.

Si kila tatizo huhitaji kuinua gari. Pedali ikiwa laini kama sponji na ikapanda ukiipampu, kuna upepo ndani ya mfumo. Ukiikanyaga na kuishikilia, nayo ikawa inazama polepole ilhali mafuta hayapungui kwenye kopo, shuku siili za ndani za masta silinda. Mafuta yakipungua na pedi hazijalika sana, tafuta mvujo upande wa ndani wa kila tairi na nyuma ya kila dramu. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, zima injini, kanyaga mara kadhaa, kisha endelea kuikanyaga huku ukiwasha injini: busta, yaani kifaa kinachouongezea nguvu mguu wako, ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo.

Mafuta ya breki nayo hupuuzwa mno. Yale ya DOT 3 na DOT 4, madaraja yanayoandikwa kwenye chupa, hunyonya unyevu hewani, na unyevu huo huleta kutu ndani ya silinda na kushusha kiwango cha kuchemka: DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 140. Mimi huyabadilisha kila baada ya miaka 2. Usiongeze kamwe mafuta ya injini, kwa maana huvimbisha siili zote za mpira, wala usichanganye DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Wakati wa kutoa upepo kwenye gari kuukuu, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Siili za masta silinda zimezoea kusafiri sehemu moja kwa miaka mingi, na zikisukumwa hadi mwisho hupita juu ya kutu na uchafu ambao hazijawahi kuugusa, zikachanika. Nimeona masta silinda iliyokuwa haina ubovu ikiharibika kwa njia hiyo. Vumbi la dramu pia usilipulize, kwani lainingi za zamani, yaani bitana zinazosugua ndani ya dramu, huweza kuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kazi ikiisha, mimi huipampu pedali mpaka iwe imara kabla gari halijasogea hata hatua moja, kisha hujaribu breki kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu. Baada ya safari ya kwanza nasogeza kiganja karibu na rimu mbili za mbele, na joto lake lisipolingana, gari linarudi kwenye stendi siku hiyohiyo.