Mlango wa Kabini Hupimwa Chombo Kikiwa Majini

Karakana yetu iko Ngamiani, hapa Tanga, na kazi nyingi zinazopita mezani ni vitanda, makabati na milango ya nyumba. Mara chache kwa mwaka huja mtu wa baharini: mwenye boti ya abiria, mwenye jahazi anayetaka kulitia kabini, au mgeni aliyetia nanga Raskazone ambaye mlango wa choo chake umeoza. Nyinyi wadogo zangu mlioanza juzi mtaitwa siku moja kwenye kazi kama hiyo, na mtaenda na mazoea ya milango ya nyumba. Nawaandikia kwa sababu mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza.

Chombo kilikuwa ufukweni Sahare, maji yamekupwa, kimeegemezwa magogo na kimelalia kidogo ubavu wa kushoto. Nilishuka ndani na futi kamba, skwea na pimamaji, nikachukua vipimo vya mlango wa choo, nikarudi karakana. Mlango ulitoka mzuri, mvule mtupu, nikauachia nafasi ya milimita 2 kila upande kama wa chumba cha kulala. Siku ya kuufunga ulifunguka kwa kidole kimoja. Wiki ya tatu, masika yameshika, nahodha akanipigia simu.

“Fundi, mlango wako umembana mtoto wa watu.”

“Yu salama, nahodha?”

“Salama. Ila mlango tumeuvunja.”

Walikuwa njiani kwenda Pemba. Mtoto wa miaka sita hivi aliingia chooni akafunga, na kutoka ikashindikana. Alivuta kwa ndani, mama yake akasukuma kwa nje, hadi baharia akaja na shoka. Nahodha aliniletea vipande ndani ya kiroba. Kwenye ukingo wa juu, kona ya upande wa bawaba haikuwa hata na mkwaruzo. Kona ya upande wa kitasa ilikuwa na alama nyeusi inayong'aa, upana wa kidole gumba, pale mbao iliposuguana na fremu usiku kucha. Fremu niliyoiacha mraba ilikuwa imepinda.

Chombo kikiwa mchangani kinabebwa na mkuku, ule mti mkuu wa chini, na yale magogo mawili matatu. Kikielea, maji yanakibeba pande zote, na kikipakiwa mzigo kinajikunja tena kwa namna nyingine. Ukilala kwenye jahazi utasikia mbao zikilia usiku kucha. Ni viambaza, kuta za ndani, vinavyocheza. Kwa hiyo pima chombo kikiwa majini, matangi yake yamejaa na mzigo wake wa kawaida umo ndani. Skwea na pimamaji viache karakana, maana chombo hakina wima wa kuaminika. Pima kona kwa kona, kutoka juu kushoto hadi chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana milimita 6, mlango wako nao lazima upishane milimita 6.

Mimi siku hizi siandiki hata namba nyingi. Nakwenda na plaiwudi nyembamba ya milimita 3, naikata na kuikwangua humo humo ndani ya kabini hadi ikae kwenye fremu, na hicho ndicho kigezo changu. Andika juu yake kwa kalamu nene: juu, chini, bawaba huku, uso wa nje. Usiseme utakumbuka. Nimeona mlango mzuri wa msaji ukitupwa kwa sababu kigezo kiligeuzwa mezani.

Nafasi ya kuacha ni milimita 4 juu na pembeni. Chini acha 15 hadi 20, kwa ajili ya hewa, kwa sababu choo kisichopumua huota ukungu na kabati lisilopumua hutia nguo harufu. Mwanga ukipenya pembeni, bandika ubao mwembamba kwenye fremu upande ule mlango unapogotea. Kama kuna nafasi, mlango wa choo au wa kulala ufungukie nje, na komeo lake liweze kufunguliwa pande zote mbili. Tia bawaba ambazo mlango unaweza kunyanyuliwa ukatoka, na juu ya mlango ukiwa wazi acha nafasi ya kutosha kuunyanyua. Hili halina mjadala na mteja yeyote.

Mbao. Hapa Tanga tuna bahati ya kuwa karibu na shamba la misaji la Longuza, kule Muheza. Msaji ni mti wa baharini: una mafuta yake, hautanuki sana, hauozi upesi. Lakini chagua kiini cha kahawia. Ile sehemu nyeupe ya nje haina uimara huo, na miti midogo inayopunguzwa shambani ina nyeupe nyingi. Kabla ya kutia gundi futa maungio kwa tina na kitambaa safi, kisha gundisha papo hapo, kwani mafuta hurudi juu. Mvule ni mzuri pia, ila una vijiwe ndani yake, chokaa iliyoganda kwenye mti, na kimoja tu kinamaliza makali ya randa. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Vaa barakoa hata kama wakubwa hapo karakana hawavai. Mkangazi ni mwepesi zaidi na unafaa sana kwa paneli, yaani ubao mwembamba wa katikati ya mlango.

Uzito ni jambo la kuhesabu kabla hujakata. Mlango wa msaji mtupu wenye urefu wa mita 1.7, upana wa sentimita 55 na unene wa milimita 25 unafika kilo 15. Ukiutengeneza kwa fremu na paneli ya milimita 9 unashuka hadi kilo 9 hivi. Baharini kilo hizo 6 zinazopungua ni bawaba zisizong'oka na vidole visivyopondwa.

Kuhusu ukavu, usiridhike na neno la muuzaji. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Kikaushe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi hadi uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 115 na kumalizika na 100, kina unyevu wa asilimia 15. Pwani kwetu mbao iliyotulia kivulini hukaa kwenye 14 au 15, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Mbao iliyokaushwa sana bara, ikija Tanga na kutengenezwa siku hiyo hiyo, itafura ndani ya mlango wako.

Na plaiwudi: ukienda dukani ukaomba “marini bodi” utapewa ile yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayofungwa kumwagia zege. Hiyo ni ya ujenzi, licha ya jina lake. Plaiwudi ya vyombo huwa na alama BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini, na ndani yake haina mashimo. Kwa kuwa alama yaweza kugongwa na yeyote, kata kipande, kichemshe kwa saa kadhaa, kikaushe, uchemshe tena. Tabaka zikiachana, itumie kwa meza ya karakana.

Maungio ni yale mnayoyajua, ulimi na tundu, ulimi ukiwa theluthi moja ya unene wa mbao, umetiwa kabari na gundi ya epoksi ya makopo mawili. Gundi nyeupe ya samani iacheni nyumbani. Paneli isigundishwe. Ikae kwenye mfuo uliochongwa ndani ya fremu ya mlango, ikiwa huru, na nafasi ya milimita 3 kila upande, kwa maana mbao hutanuka upana na si urefu. Paneli ya mkangazi ya sentimita 40 nimeipima mwenyewe Februari na tena Mei: ilitembea zaidi ya milimita 3. Ukiibana kwa gundi itapasuka yenyewe au itapasua fremu. Na ipake vanishi kabla ya kuifunga, la sivyo kiangazi ikisinyaa utaonekana mstari mweupe pembezoni.

Chuma: nenda dukani na sumaku mfukoni. Bawaba nyingi zinazong'aa dhahabu ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sumaku ikinata, rudisha, kwa maana kutu yake itachora mlango mzima kwa machozi ya kahawia. Chukua shaba yenyewe, au stenilesi ya 316, ile inayostahimili maji ya chumvi. Skrubu ya shaba ni laini, na ndani ya mvule hukatika shingo. Toboa kwanza kwa keekee, ingiza skrubu ya chuma ya saizi ile ile ichonge njia, itoe, kisha ingiza ya shaba iliyopitishwa kwenye nta ya mshumaa. Tia pia kulabu ya kuushikilia mlango ukiwa wazi. Mlango unaopiga huku na huku chombo kikiyumba unavunja mkono.

Sasa vanishi, mahali vijana wengi huharakisha kwa sababu fedha ya mwisho iko karibu. Sila na laka za kupuliza zinazotumika kwenye samani hukauka kwa dakika chache na huvutia, lakini baharini huwa nyeupe na kubanduka. Tumia vanishi ya mafuta ya vyombo. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, uzimue nusu kwa nusu kwa tapentaini, unywewe na mbao. Usiuzimue kwa tina ya rangi za magari. Vanishi itaganda vipande vipande ndani ya kopo. Mkono wa pili zimua robo, kisha endelea bila kuzimua hadi ifike mikono mitano. Kati ya mkono na mkono piga msasa namba 220, baadaye 320, hadi uso wote uwe na ukungu mmoja bila doa linalong'aa. Doa linalong'aa ni bonde ambalo msasa haujafika.

Paka kuanzia saa tatu asubuhi, umande umekwisha, na uwe umemaliza saa nane. Ukipaka jioni, unyevu wa bahari utashuka juu ya vanishi mbichi na asubuhi utakuta imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Siku za kusi kali tunamwagia sakafu maji na kufunga upande wa upepo, vumbi lisiruke.

Halafu geuza mlango kichwa chini. Kingo za juu na za chini, ambako nyuzi za mbao zimekatwa, hunyonya maji kama mirija, na ndizo ambazo hakuna anayeziangalia. Hizo zipakwe mikono mingi kuliko uso. Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, hakuwa akitazama uso wa mlango wetu kabisa. Alipitisha kidole chini yake, na kidole kikikwaruzwa, tulianza upya. Pia chokoa na upake ndani ya tundu la kitasa na vitundu vya skrubu kabla ya kufunga chochote.

Ukishaufunga, usidai fedha yote siku hiyo. Paka chaki kingo tatu, wa juu na mbili za pembeni, mwambie nahodha aende safari moja ya kawaida na mzigo wake, kisha panda tena chomboni. Chaki iliyofutika itakuonyesha wapi panagusa. Randa hapo milimita moja, si zaidi, na kikopo cha vanishi uwe umekuja nacho, maana ubavu uliorandwa leo haufai kulala baharini bila kupakwa.