Maada giza: tunapimaje uzito wa kitu tusichokiona?

*Swali: Shikamoo dada. Niko kidato cha sita, tahasusi ya PCM. Mwalimu alitugusia maada giza dakika tano tu, kengele ikalia. Kama haionekani, mmejuaje kwamba ipo? Je, si yale mabaka meusi ya kwenye Njia Nyeupe? Na kwa nini msikubali tu kwamba kanuni ya uvutano ya Newton imekosea?*

Marahaba, mdogo wangu. Maswali matatu kwa pumzi moja! La mwisho ndilo linalotunyima usingizi sisi tunaosomea udaktari wa falsafa katika fani hii, kwa hiyo nalichelewesha.

Mabaka kwanza, maana ni mepesi. Usiku wa Julai mwezi ukiwa haupo, na umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, toka nje kama saa nne uangalie juu, upande wa kusini. Utaona Njia Nyeupe, ule ukanda mrefu wa nyota, imechanwachanwa na weusi. Yale ni mavumbi, chembe za kawaida kabisa, yameziba nyota zilizo nyuma yake, na darubini za infraredi huyaona yaking'aa kwa joto lake dogo. Maada giza haizibi chochote. Jina lenyewe limetuponza: si nyeusi, mwanga unapita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Hata kioo kisafi namna gani, kitajiumbua juani kwa mmeto wake. Hii haina hata mmeto. Inachotuonyesha ni uvutano wake tu.

Na uvutano hupimika. Nikialikwa shuleni hubeba bomba la kalamu ya wino lisilo na mrija wa wino, nimelipitishia uzi wa kuvulia samaki. Ncha ya juu ina kizibo cha mpira, ya chini ina kimfuko cha nati, na kimfuko nimekivisha kipande cha khanga. Mwanafunzi anashika bomba na kukizungusha kizibo juu ya kichwa chake, wenzake wanahesabu mizunguko kwa sekunde kumi. Uzi ukibaki na urefu uleule na kizibo kikahitaji mwendo maradufu ili kimfuko kisishuke, basi nati zimekuwa mara nne. Darasa moja, binti wa kidato cha pili alipiga hesabu akatamka "tisa". Nikafunua khanga: nane. Alinuna, lakini mimi kosa la nati moja ningelipokea kwa mikono miwili.

Galaksi, yaani kundi kubwa la nyota na gesi linalozunguka, ni mchezo huohuo, ila kizibo chake ni gesi ya hidrojeni. Hidrojeni hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya megahezi 1,420, ambayo ni mbali juu ya stesheni zako za FM. Galaksi inapozunguka, upande unaotujia masafa yake hupanda na upande unaotukimbia hushuka, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Mwendo wa kilomita 200 kwa sekunde huyasogeza masafa karibu megahezi moja. Data zangu zinatoka MeerKAT, darubini ya redio yenye sahani 64 zilizotawanywa katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, kila moja ina kipenyo cha mita 13.5. Huko simu inazimwa. Kelele ya simu moja inaifunika galaksi nzima.

Sasa tazama. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Neptuni, iliyo mbali mara 30, inajikokota kwa kilomita 5.4. Ukiwa mbali na mzigo unakwenda taratibu, ndivyo Newton alivyosema. Mwaka 1970 wanaastronomia wa Marekani, Vera Rubin na Kent Ford, walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda: pembezoni mwendo haukushuka walivyotarajia. Miaka iliyofuata galaksi nyingine nyingi zikatoa ushahidi uleule, na redio ikaonyesha kwamba hata gesi iliyo nje kabisa ya eneo la nyota bado inakimbia. Mwendo usiposhuka huku umbali ukiwa maradufu, tungamo (kiasi cha maada) lililo ndani ya mzunguko nalo ni maradufu. Lakini nyota za kujaza nafasi hiyo hazipo.

Usidhani kipimo hiki ni rahisi. Galaksi nyingi zimeinama, na tunachokiona ni sehemu tu ya mwendo ule inayoelekea kwetu. Mwaka wangu wa kwanza niliiandikia galaksi moja ndogo mwinamo wa digrii 20, kumbe ni 30. Tungamo lake likawa zaidi ya maradufu ya lile la kweli, nami nikatembea wiki mbili nikidhani nimevumbua maajabu. Msimamizi wangu aliangalia picha, akacheka, akaniambia nipime upya.

Haya, tuje kwa Newton. Historia ina visa viwili vya kukumbuka, na vyote ni vya mtu mmoja. Sayari ya Uranusi ilikuwa inakwenda kombo. Mfaransa Le Verrier akasema kuna sayari tusiyoiona inaivuta, akaonyesha mahali. Mwaka 1846, huko Berlin, wakaikuta: Neptuni. Kitu kisichoonekana kilikuwepo kweli. Baadaye Utaridi nayo ikaonekana inakwenda kombo. Le Verrier akarudia dawa ileile, akatabiri sayari nyingine karibu na Jua, wakaipa hadi jina, Vulcan. Haikuonekana hata leo. Safari hii kanuni ndiyo iliyopungua, na Einstein akaitengeneza mwaka 1915.

Kwa hiyo swali lako si la utoto. Mwaka 1983 mwanafizikia wa Israeli, Mordehai Milgrom, alipendekeza kanuni ya mwendo ibadilishwe pale mchapuko (jinsi mwendo unavyobadilika) unapokuwa mdogo sana, na kwa galaksi mojamoja pendekezo lake linafanya kazi vizuri kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Linapokwama ni kwenye makundi ya galaksi. Lipo moja tunaloliita Kundi la Risasi; kwa kweli ni makundi mawili yaliyogongana. Gesi yake ya moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida pale, ilisuguana ikabaki nyuma katikati. Lakini mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba mwanga wa galaksi za mbali, ambao hupindwa na uvutano, unapindwa zaidi pembeni, si pale kwenye gesi. Uzito mkubwa ulipita bila kusuguana na chochote. Mimi hapo ndipo nilipochagua upande.

Hata hivyo chembe yenyewe hatujaikamata. Huko Dakota Kusini, Marekani, wamezika tangi la tani 10 za zenoni, gesi nzito iliyopozwa ikawa kimiminika, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, wakisubiri chembe moja igonge atomu moja. Mpaka sasa kimya.

Nakuachia hesabu, kalamu na karatasi vinatosha. Chukua mwendo wa kitu ukilinganisha na wa Dunia, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa umbali wake ukilinganisha na wa Dunia. Jibu ni tungamo lililo ndani ya mzunguko, kwa kipimo cha Jua moja. Anza na Neptuni, upate karibu 1. Kisha weka Jua letu lenyewe: kilomita 230 kwa sekunde, na kitovu cha galaksi kiko mbali mara bilioni 1.7 hivi ya umbali wa Dunia na Jua. Ukipata karibu bilioni 100, sogeza umbali mara mbili, mwendo uache palepale, uone kinachotokea.