Kabla Hujaweka Muziki Masikioni, Mdogo Wangu Motari

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaa wa Majengo aliniandikia ujumbe wenye furaha nyingi. Baada ya kuwa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, kwa muda mrefu juu ya pikipiki ya mtu mwingine, akipeleka hesabu kila jioni hata siku ambazo mvua ilimnyima abiria, hatimaye amenunua ya kwake. Sasa anataka kujua ni vipokea sauti vya aina gani vinavyokaa vizuri chini ya kaske, ile kofia ya kukinga kichwa, visivyoharibiwa na mvua wala na vumbi letu jeusi la hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Alimalizia hivi, akiniita yaya kama tunavyowaita huku kaka wakubwa: "Yaya, wewe umefanya kazi hii miaka 12, wewe ndiye unayejua dawa ya uchovu." Nilimpongeza kwa moyo wote, kwa sababu najua jasho lililomo katika pikipiki ya kwanza. Kuhusu vipokea sauti nilimwomba siku chache, maana jibu langu ni refu na sehemu yake moja bado inaniuma.

Nakiri kwamba niliendesha na muziki masikioni kwa takriban miaka sita. Mtu aliyekaa juu ya kiti cha pikipiki tangu saa kumi na moja alfajiri hadi magharibi, akirushwa na mawe ya volkano mgongo mzima, hahitaji kuelezwa kwa nini. Muziki ulikuwa unaufupisha mchana. Nilikuwa mpenzi wa rumba, na bado ni mpenzi wake. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO ilipoiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, nilifurahi kama mtu aliyepewa cheti yeye mwenyewe. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba anayemshauri ni adui wa muziki.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba mwaka 2019, wakati wa kiangazi. Nilimchukua pale Kituku, kando ya ziwa, mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo, aliyekuwa mteja wangu kwa miaka mitatu na ambaye hakuwa akipatana nami bei tena, kwa kuwa kila mmoja wetu alikwisha kuijua. Aliketi nyuma yangu na beseni lake mapajani, sambaza wa usiku ule wakiwa wamefunikwa kwa kitenge kilicholowa. Tulikuwa tukipanda kuelekea barabara ya lami ili twende soko la Virunga. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa, na wimbo ulikuwa umefika kwenye sebene, pale magitaa yanapokolea kasi.

Kutoka juu, kwenye njia inayokutana na ile yetu kwa pembeni, ilikuwa inashuka chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye magunia matatu ya makaa. Wakazi wa mji huu wanajua jinsi chukudu inavyosimama: mwenyewe hukanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma na kuomba likubali kusimama. Haina injini ya kukuonya wala honi. Ina mluzi wa mwenyewe na sauti ya kinywa chake, basi. Yule mwanaume alipiga mluzi, kisha akapiga kelele. Mama alimsikia. Alinigonga begani na kuita, "Motari, simama! Simama, mwanangu!" Nilidhani ananigonga kwa sababu beseni limemlemea, nikainua kidole kumwonyesha kwamba tunakaribia. Hayo yote nilikuja kuelezwa baadaye na watu waliokuwa kando ya njia. Kwa upande wangu mimi, nilisikia magitaa, kisha nikajikuta chini.

Nilipoinua kichwa niliona sambaza wametapakaa juu ya mawe meusi, wanang'aa kama sarafu, na mama ameketi katikati yao akiushika mkono wake wa kulia ambao ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Hakulia. Alinitazama masikioni. Kifaa kimoja kilikuwa kimechomoka na kuning'inia kwenye uzi, na wimbo ulikuwa bado unaendelea, unasikika kwa udogo kama nzi ndani ya kopo. Sijawahi kuona haya kama dakika ile.

Niliuza simu, nikalipia matibabu na samaki wake, na mkono ulipona ingawa haunyooki wote. Pale kwenye parkingi yangu, yaani kituo chetu cha kusubiri abiria, niliondolewa kwa mwezi mzima. Wenzangu walisema nimewaletea aibu mbele ya wateja, na sikubishana, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Lakini jioni ile ile ya hukumu niliwaona wawili kati ya walionihukumu wakiondoka na abiria huku nyaya zikiwaning'inia chini ya kaske. Miaka imepita na jambo hilo bado halijanitoka rohoni. Wangenifukuza kwa haki zaidi kama wangekuwa wamevua vya kwao kwanza.

Tangu siku hiyo sijaweka chochote masikioni nikiwa naendesha, na tangu siku hiyo sijaanguka na abiria hata mara moja. Nalisema kwa fahari, kwa sababu nimelipa gharama yake.

Sasa turudi kwenye swali lako, mdogo wangu. Najua utakachoniambia, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikiwaambia wengine: naweka sikio moja tu, la pili linabaki wazi. Hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Sauti inayotoka kushoto hufika kwenye sikio la kushoto kabla haijafika kwenye la kulia, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo ndogo ubongo hutambua honi imetoka upande gani. Ukiziba sikio moja utaisikia honi, ila hutajua uifuate wapi kwa macho. Pale mzunguko wa Signers, ambapo magari, pikipiki na watembea kwa miguu huingia kutoka kila upande kwa wakati mmoja, honi usiyojua imetoka wapi haikusaidii sana, inakushtua tu. Na kumbuka hesabu hii: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unayochelewa kuelewa inakupeleka mita 11 mbele.

Jambo la pili ni mkono wa kulia. Nilikuwa nikiamini kwamba muziki unanituliza, hadi nilipoanza kukumbuka kwamba kila sebene ilipoingia nilikuwa ninavuta mafuta bila kukusudia. Mtafiti Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, nchini Israeli, alichapisha mwaka 2001 matokeo ya kuwapima madereva kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji: kadiri mapigo ya muziki yalivyokuwa ya haraka, ndivyo mwendo ulivyopanda, na ndivyo walivyozidi kuvuka taa nyekundu. Wale walikuwa wamekaa kwenye kiti mbele ya kioo. Wewe uko juu ya magurudumu mawili, na nyuma yako kuna mtoto wa shule.

La tatu ni masikio yenyewe, na hapa sauti ya injini na upepo ndiyo inayotutega. Ndani ya kaske, ukifika kilomita 60 kwa saa, upepo peke yake unaweza kufikia desibeli 90 hivi. Ili wimbo usikike juu ya kelele hiyo huna budi kuupandisha zaidi, tena zaidi unapoingia kwenye barabara mbaya. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 muda huo hushuka hadi saa nne kwa wiki nzima. Motari anayefanya kazi saa 12 kwa siku, siku sita, anakaa barabarani saa 72. Piga hesabu mwenyewe. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba usiokoma. Usiku, mtaa ukinyamaza, ndipo unaposikika vizuri, na mke wangu amezoea kunikuta nimeketi macho.

Kuna wanaonijibu kwamba Ulaya waendesha pikipiki wana vipaza sauti ndani ya kaske. Ni kweli, lakini tusichukue nusu ya habari. Ufaransa ilipiga marufuku tangu tarehe 1 Julai 2015 kuendesha huku umevaa kifaa chochote sikioni, na faini yake ni euro 135. Kinachoruhusiwa ni kile kilichojengwa ndani ya kaske bila kuziba sikio. Tena wao wana lami iliyonyooka na njia zilizotenganishwa. Sisi tuna mawe ya mlipuko wa volkano yetu, Nyiragongo, wa mwaka 2002, chukudu, mbuzi, na lori linalorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza.

Baada ya kuvua vile vifaa niligundua ni mambo mangapi pikipiki yangu ilikuwa ikiniambia bila mimi kuisikia. Mnyororo uliolegea hugonga kwa kurudia unapoachia mafuta. Pedi za breki zilizokwisha hukwaruza chuma kwa chuma. Gurudumu linalopoteza upepo hutoa sauti nzito juu ya mawe, kama mtu anayetembea na ndala zilizolowa, na ukiisikia mapema unaziba tundu dogo badala ya kununua tairi. Siku za kwanza kimya kile kilinichosha, sikufichi. Wiki ya tatu nikaanza kukipenda.

Na abiria pia anaongea. Mwezi wa tano mwaka 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, tulipoamriwa kuhama, nilibeba watu kwenda Sake kutwa nzima na sehemu ya usiku, katika msongamano wa watu waliotembea na magodoro vichwani. Taa yangu ilimulika migongo tu. Niliongozwa na sauti: mtoto analia mbele kulia, mzee anaomba njia, mtu anapiga kelele kwamba gari limesimama gizani. Nilikwenda na kurudi kilomita zile 25 mara nyingi na hakuna niliyemgusa. Kama masikio yangu yangekuwa bado yale ya mwaka 2019, sijui ningeandika nini leo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Muziki uache uwe wa parkingi. Unaposubiri zamu yako, sikiliza mpaka uchoke, hata ukicheza hakuna atakayekulaumu. Abiria anapopanda, vifaa viingie mfukoni kabla hujawasha injini, na akuone ukiviweka. Uchovu dawa yake ni kushuka. Kila baada ya saa mbili au tatu zima pikipiki, kunywa maji, nyoosha mgongo. Hasara ni safari moja, na safari moja haijawahi kumtajirisha mtu. Nanyi mnaopanda nyuma yetu, mnayo haki ya kumwambia motari avue vifaa au mshuke. Msione aibu. Fedha ni zenu na mifupa ni yenu, na motari anayekasirikia ombi hilo hafai kukubeba hata bure. Wazazi wenye kuwakabidhi watoto kwetu kila asubuhi, tazameni masikio ya motari kabla ya kutazama bei yake. Wenzangu wa kwenye parkingi, mnaoandika sheria na kutoza faini za kuchelewa zamu, andikeni na hii.

Yule mama bado anauza sambaza. Tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za watoto, lakini hajapanda tena pikipiki yangu. Akiniona nimesimama Kituku, anamwita motari mwingine kwa mkono wa kushoto. Sijamwomba abadilishe mawazo.

Kijana wangu wa Majengo, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi njoo na pikipiki yako pale ninapoegesha. Acha simu mfukoni. Tutashuka pamoja hadi Kituku, wewe mbele nami nyuma nikiwa abiria wako, na tukifika pale njia mbili zinapokutana utazima injini, tusikilize wote wawili chukudu ikishuka.