Kwa mafundi bomba wapya: msiache chuma cha zamani ukutani

Wanangu, kila nyumba ya zamani inapokarabatiwa, iwe Mji wa Kale au Majengo, kosa ni lilelile. Bomba linaloonekana linabadilishwa, lililozikwa linaachwa. Mwenye nyumba kasema vigae vya bafuni visiguswe, basi fundi anakata bomba la chuma hapo kwenye lipu, anakata thredi (meno ya kukazia), anaunga PPR, yaani bomba la plastiki la kuunga kwa joto, anachukua pesa yake. Baada ya miezi michache ukuta umelowa, na vigae vilivyohurumiwa vinabomolewa vyote.

Jueni kinachotokea mle ndani. Bomba la nusu inchi lina unene wa takriban milimita 2.6, na thredi inakula zaidi ya milimita 1. Pale linapoingia kwenye elbo (kiungo cha kona), chuma kilichobaki ni kama nusu, na zinki inayokikinga na kutu imeshakwanguliwa. Ndipo kutu inapoanzia. Ongeza mgao wetu wa maji: siku za ukavu, hewa na unyevu hukaa pamoja ndani ya bomba, na chuma huliwa haraka kuliko kikiwa kimejaa maji muda wote. Nyumba za maji ya kisima yenye chumvi ndizo huumia zaidi. Sasa wewe unashika spana na kukaza huku nje. Nguvu yako haiishii kwenye yunioni (kiungo unachokaza), inafika hadi kwenye elbo iliyozikwa na kuipasua. Siku hiyo huoni tone, kwa sababu kutu yenyewe imeziba ufa. Pampu ikianza kusukuma maji kwenye mabomba mapya, kutu inabanduka. Inayosafiri na maji inaziba shawa na valvu, na ule ufa unabaki wazi.

Kwa hivyo ng'oeni lote, kuanzia tangi hadi mfereji. Lisilong'oka likatwe pande zote mbili, liachwe likiwa halina maji, na jipya lipitishwe njia nyingine.

Ukuta wa matumbawe unataka upole. Chimba wima kwa patasi, usikate mtaro mrefu wa kulala, kwani unaudhoofisha. Kuziba ni kwa chokaa na mchanga. Saruji hufungia unyevu ndani.

Maji moto yanataka PPR ya PN20 (PN ni daraja la presha). PN10 ni ya maji baridi, hata duka likikuambia zinafanana. Karibu na hita ya sola, mita moja au mbili za kwanza ziwe shaba, kwa kuwa joto la pale linaweza kulainisha plastiki. Tena, PPR ya kawaida hurefuka: mita 10 zikipanda digrii 40 zinaongezeka kama milimita 60. Acheni kona zenye nafasi, klipu zisibane kila mahali.

Kuchomea PPR ni digrii 260. Bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7. Weka alama ya kina kwa kalamu, sukuma bila kuzungusha. Ukipitiliza alama, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuziba njia ya maji.

Mwisho, upimaji, lipu ikiwa bado. Pampu ya mkono, mara 1.5 ya presha ya kazi. Mwanzoni sindano ya geji itashuka kidogo kwa kuwa plastiki inatanuka, piga pampu tena. Ikitulia saa nzima, piga picha ya kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana kando ya bomba, umpe mwenye nyumba, ndipo umwite mtu wa lipu.